Wati 400 za kwenye boksi, wati 18 za redioni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua barua nyingi zinazokufikia ni za maji, barabara na bei ya sukari, na hii yangu ni ya spika za gari. Nivumilie. Nimeingizwa mjini, na aliyeingizwa ni mtu aliyekula mshahara wa desibeli, kile kipimo cha ukubwa wa sauti, kwa miaka 27. Nikipigwa mimi, wako wengi waliopigwa ambao mpaka leo hawajui.

Ni fundi simu mstaafu. Nimevuta nyaya za shaba juu ya nguzo na chini ya mitaro, nimepima laini usiku kwa tochi, na kustaafu nimestaafu na mita yangu mkononi. Baada ya hapo nilinunua Toyota Raum iliyotumika Japani, ndiyo inayobeba khanga, udi na mafuta ya nazi ninayopeleka Pangani, Muheza na Korogwe. Siku tatu kwa juma niko njiani. Kiyoyozi kilikufa zamani, natembea vioo vimeshushwa, na barabara za huko wenyewe mnazijua. Redio isipokuwa na sauti ya kutosha unabaki unasikiliza matairi.

Redio yenyewe ni ileile iliyokuja na gari. Watu wengi huzing'oa, kwa kuwa redio za Japani zilitengenezwa kushika FM kuanzia 76 hadi 90, na vituo vyetu vingi viko juu ya hapo mpaka 108. Mimi niliweka kile kidude cha kushusha masafa kwenye waya wa antena, redio ikabaki mahali pake. Nikiwasha gari kuna mwanamke humo ndani huniambia neno kwa Kijapani. Mimi humjibu "marahaba", sijui kama ndilo jibu.

Masika ya mwaka juzi mpira wa kioo cha dereva ulikuwa umechoka, maji yakawa yanachuruzika ndani ya mlango juu ya spika. Koni yake ni ya karatasi. Ikalowa, ikakauka, ikalowa tena, mwisho ikachanika. Msoma habari akawa kama anasoma huku anatafuna bisi.

Mwezi uliofuata nilikwenda Dar es Salaam harusini, nikapita Kariakoo. Sikufika hata dukani, winga, yule anayewavutia wateja madukani, alinidaka barabarani. "Mama karibu, spika za gari, OG, bei ya kuelewana." Nikamweleza: nataka mbili, inchi sita na nusu, za milango ya mbele, redio ni ileile ya kiwandani. Hayo maneno ya mwisho hakuyasikia, au aliyasikia hayakumhusu. Akanipandisha ghorofani kwenye duka lenye upana wa mlango mmoja, likashushwa boksi lenye picha ya radi na maandishi ya dhahabu: 400W. Nikauliza kama zipo za wati ndogo zaidi. Muuzaji akacheka kwa adabu.

"Mama yangu, wati ndogo ni za bajaji."

Nikatoa shilingi 95,000. Ningekuwa kazini, mtu akiniletea kifaa nisichokijua, ningefungua karatasi ya vipimo kabla sijafungua kitu kingine. Siku ile nilikuwa nimevaa nguo za harusi, na akili nayo ilikuwa imevaa za harusi.

Nikarudi Tanga. Kuna kijana pale Ngamiani anayefunga redio na taa za magari, mikono yake ni misafi, namheshimu. Akavua kava la mlango, akatoboa ribiti zilizoshika spika ya zamani, akafunga mpya kwa skrubu. Kwa macho zilipendeza, sumaku kubwa kama chapati na koni nyeusi inayong'aa. Tukawasha. Zamani nikiweka namba 25 kwenye redio, gari zima linasikia. Sasa 25 ilikuwa mnong'ono. Nikapandisha 30, nikapandisha 38. Nilipofika 42 ndipo nikapata sauti niliyoizoea, na hapohapo fidla za taarab zikaanza kupasuka, ganuni ikalia kama mtu anakwangua bati.

"Shangazi," kijana akasema, "redio yako haina nguvu. Hizi spika zina njaa. Tuweke amplifaya ya wati 1000, nitakufanyia 180,000 pamoja na ufundi."

Nikamwambia ngoja kwanza nipumue. Wiki ya tatu, nikiwa natoka Pangani, tuita ya kushoto, kile kispika kidogo cha milio ya juu, ikanyamaza kabisa. Nikampigia muuzaji wa Kariakoo. Akasema bila kusita: "Mama, umezizidishia moto, zimeungua, hiyo haina garantii."

Basi nikakaa barazani na chai yangu nikalitafakari jambo hili. Mmoja ananiambia redio ni dhaifu mno kwa spika hizi. Mwingine ananiambia redio hiyohiyo imeziunguza. Kumbe kila mmoja alikuwa ameshika kipande cha ukweli, na hakuna aliyejua kuwa ni kipande.

Nikaitoa mita kabatini.

Jambo la kwanza nililotaka kujua ni redio inatoa nini hasa. Gari likiwaka, altaneta, ile jenereta ya kwenye injini, hutoa volti 14 na kidogo. Yangu ilisoma 14.1, na wataalamu wa redio za magari hupigia hesabu 14.4, kwa hiyo nitumie hiyo. Redio ya kiwandani haina kitu ndani cha kukuza volti. Chipu yake humshika spika kwa ncha zote mbili, huku inapandisha, kule inashusha, ndiyo namna ya kuzitumia volti 14.4 zote. Spika nyingi za magari ni za omu 4, omu ikiwa kipimo cha ukinzani, jinsi spika inavyouzuia umeme. Mawimbi ya sauti safi yakifika kileleni kabisa, nguvu yake ni 14.4 mara 14.4, gawa kwa mara mbili ya omu, yaani 8. Unapata wati 25.9. Hiyo ni dari isiyofikika, maana chipu yenyewe hula volti moja mbili njiani na kugeuza joto. Kinachobaki kwa kila spika, sauti ikiwa bado safi, ni kama wati 15 hadi 20. Nimeandika 18 kwenye kichwa cha barua ili tuwe na namba moja ya kushika.

Mtaniuliza, mbona redio za dukani zimeandikwa 50W x 4? Hapo ndipo nilipocheka peke yangu barazani hadi mjukuu akaja kuangalia. Chukua 14.4 mara 14.4, safari hii gawa kwa 4 badala ya 8. Ni 51.8. Hizo ndizo wati 50 zao! Zinapatikana ukiilazimisha redio mpaka mawimbi yote yakatwe vichwa na kuwa miraba, juu dari, chini sakafu, bila mviringo wowote katikati. Hakuna binadamu anayesikiliza kitu hicho. Ni kweli kwa hesabu, na ni uongo kwa masikio.

Jirani yangu wa daladala alibisha. Redio yake ya dukani imeandikwa 60W x 4 na anaiamini kuliko anavyomwamini konda wake. Nikamwomba tuichomoe tuangalie nyuma. Fyuzi yake ni ya ampea 10. Ampea 10 kwa volti 14 ni wati 140, hata ikiwa fyuzi imefika ukingoni. Redio za namna hii hupoteza karibu nusu ya umeme kwa joto, ndiyo maana mgongo wake ni wa bati lenye mapezi. Zikabaki wati 70, gawa kwa spika nne, 17 na nusu. Alitulia kidogo, halafu akasema fyuzi ndiyo mbovu.

Wenye umri wangu mnazikumbuka zile redio kaseti za miaka ya nyuma zilizoandikwa PMPO, yaani nguvu ya kilele cha karatasini tu, wati elfu moja na zaidi, huku zinaendeshwa na betri nane za tochi. Ni ugonjwa uleule, umehamia kwenye gari.

Sasa njoo upande wa spika. Wati zilizoandikwa kwenye boksi la spika si nguvu inayotoa. Spika haitoi nguvu. Ni mzigo inaoweza kuubeba bila kuungua. Kirikuu kikiandikwa kinabeba kilo 500, haina maana kwamba ukikiegesha Muheza kinajijaza machungwa kilo 500. Kinangoja upakie. Na mpakiaji wangu, redio, ana gunia moja mgongoni. Kubadilisha kirikuu kuwa fuso hakumwongezei mpakiaji nguvu. Fuso lenyewe ni zito, unahangaika kulisukuma tupu.

Ndivyo ilivyokuwa kwenye mlango wangu. Spika ya mizigo mikubwa hutengenezwa na koni nzito, koili nene, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, na mpira mgumu wa pembeni ili istahimili kupigwa. Ukiipa wati 18 inajongea kivivu. Ile ya karatasi iliyooza ilikuwa nyepesi kama jani, wati chache tu zinaitikisa. Nikaenda kwenye boksi la radi nikatafuta karatasi ya ndani, ile tunayoitupa. Kwa maandishi ya kuhitaji miwani: nguvu ya kudumu, wenyewe wanaiandika RMS, wati 60. Si 400. Na chini yake, sensitiviti desibeli 86.

Hiyo sensitiviti mimi naiita wepesi wa spika, na ndiyo namba ninayotaka wasomaji wako waikariri. Wanapima hivi: wanaipa spika wati 1, wanaweka kipaza sauti umbali wa mita 1 mbele yake, wanasoma desibeli. Desibeli ni mtoto wa simu, msisahau. Ilizaliwa miaka ya 1920 Marekani, kwenye kampuni ya simu ya Bell, kupimia sauti inayopotea ndani ya waya mrefu, na jina lake limetokana na Alexander Graham Bell. Nimeishi nayo. Kanuni yake haibadiliki, iwe kwenye laini ya simu au mlango wa Raum: kila desibeli 3 ni sawa na kuzidisha nguvu mara mbili. Spika ya desibeli 89 ukiipa wati 18 inasikika sawa na ya 86 uliyoipa wati 36. Spika ya 92 kwa wati hizohizo 18 inalingana na ya 86 iliyopewa wati 72. Redio haijabadilika, hukununua amplifaya, umesoma tu mstari mmoja wa karatasi, na umepata mara nne.

Kuna ujanja hapo pia, nao niliugundua nikiwa tayari nimejiona mjanja. Baadhi ya watengenezaji hawaandiki wati 1, huandika volti 2.83. Kwa spika ya omu 8, volti 2.83 ni wati 1 kamili. Kwa spika ya omu 4 ni wati 2. Kwa hiyo spika yao ya omu 4 inaonekana na desibeli 3 za ziada ambazo ni za bure. Ukiona 2.83V pembeni ya namba, na spika ni ya omu 4, toa 3 kabla hujailinganisha na nyingine.

Na tuita yangu je, iliunguaje kwa redio dhaifu? Kwa sababu niliisukuma redio mpaka ukutani. Ikifika mwisho wa volti zake haiwezi kupanda tena, inakata vichwa vya mawimbi. Kile kichwa kilichokatwa bapa hakipotei hivihivi, hugeuka kuwa mlio mkali wa juu ambao haukuwa kwenye wimbo, na milio ya juu yote huelekezwa kwenye tuita. Koili ya tuita ni waya mwembamba kama unywele. Nami niliiacha redio hivyo kutoka Pangani mpaka Tanga mjini. Muuzaji alisema kweli kuwa imeungua. Alichokosea ni kudhani iliungua kwa wati nyingi kuliko zilizoandikwa kwenye boksi lake. Iliungua kwa redio ndogo iliyolazimishwa kupiga kelele. Spika ikianza kupasua, hata kama imeandikwa 400, rudisha namba chini.

Nirudi kwa kijana wangu wa Ngamiani, maana yeye alikuja na dawa nyingine nilipokataa amplifaya. Alitaka kuongeza spika nyingine mbili kwenye nyaya zilezile za mbele, "zisaidiane". Hapo nilimshika mkono. Omu 4 na omu 4 zikifungwa sambamba ni omu 2, redio inadaiwa mkondo mara mbili, na chipu iliyotengenezwa kwa omu 4 inapata homa. Ikiwa na bahati hujizima yenyewe ipoe. Ikikosa bahati hununui spika tena, unanunua redio. Kinyume chake, mtu anayechukua spika za muziki wa nyumbani za omu 8 akazitia mlangoni haharibu kitu, ila redio inatoa nusu tu ya nguvu yake ndogo. Na yapo magari yaliyotoka kiwandani na amplifaya yake iliyofichwa chini ya kiti au nyuma ya buti, zile za majina makubwa, ambayo spika zake ni za omu 2 au pungufu. Hayo usiguse bila mita. Weka mita kwenye omu, chomoa waya, pima spika ya zamani kama koili bado nzima. Ya omu 4 husoma 3 na kitu, yangu ilisoma 3.6. Ikisoma 1 na nusu au 2, hiyo si ya omu 4, usidanganyike kwamba imechoka.

Jambo jingine nimeliona kwa mafundi wawili tofauti hapa mjini, sitawataja: wanachukua waya wa hasi wa spika wanaufunga kwenye bodi la gari kuokoa waya. Kwa redio za zamani sana ilikubalika. Kwa hizi za leo, ambazo nimesema zinamshika spika kwa ncha zote mbili, waya ule si hasi ya betri, una umeme wake. Ukiufunga kwenye bodi unaweza kuiua chipu, na utaambiwa redio ilikuwa mbovu.

Nilirudi Kariakoo mwezi wa nane, safari hii na miwani na karatasi. Duka jingine. Nilimwambia muuzaji anifungulie maboksi anipe karatasi za ndani, nisome mimi. Alidhani ni mtu wa mapato. Nilisoma saba. Nilizochukua zimeandikwa wati 35 za kudumu, omu 4, desibeli 91 kwa wati 1, koni ya karatasi iliyopakwa dawa isinywe maji. Shilingi 60,000. Winga mwingine aliyekuwa pembeni akanionea huruma. "Mama, hizo ndogo hizo, utajuta." Desibeli 5 zaidi ya zile za radi, sawa na kuikuza redio yangu mara tatu, kwa bei pungufu ya 35,000, halafu nijute.

Nikamwomba seremala wa jirani anikatie bangili mbili za mbao za milimita 18, kijana akazifunga kati ya bati la mlango na spika, akaweka sponji kuzunguka ili upepo wa nyuma ya koni usikutane na wa mbele. Ukiacha mwanya, besi inakufa yenyewe, mbele inasukuma, nyuma inavuta, zinafutana. Kijana alitaka kuziba kwa kipande cha khanga. Khanga naziuza, nazipenda, lakini ndani ya mlango zinalowa na kunuka. Mbao tulizipaka rangi ya mafuta pande zote kwa sababu ya maji yaleyale. Na kabla ya kurudisha kava tulichukua betri ya tochi ya volti 1.5, tukagusisha chanya kwa chanya kwenye nyaya za kila spika zilizochomolewa redioni: koni zote mbili ziende mbele. Moja ilirudi nyuma. Nyaya za upande wa kulia zilikuwa zimegeuzwa, na Mungu ndiye anayejua tangu lini. Tulipozigeuza, kijana aliinamisha kichwa mlangoni akasikiliza, akasema, "Shangazi, besi ilikuwa wapi siku zote?"

Sasa namba 24 inanitosha njia nzima mpaka Pangani, vioo chini. Ganuni nasikia kucha za mpigaji.

Amplifaya siikatai. Anayetaka muziki mnene aweke, lakini aweke ya kweli. Aangalie fyuzi yake: iliyoandikwa wati 1000 yenye fyuzi ya ampea 30 haiwezi, hata ikila umeme wote bila kupoteza, kuzidi wati 420. Waya mnene utoke kwenye betri moja kwa moja, na fyuzi iwe karibu na betri, si karibu na amplifaya, kwa sababu kinacholindwa ni waya usiwashe gari moto. Mtu anayetaka tu kusikia habari na taarab barabarani hahitaji hayo yote.

Ombi langu, Mhariri, ni kwa wakubwa, nikijua gazeti lako husomwa ofisini kwao. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi. Tume ya Ushindani ipo, Shirika la Viwango lipo. Hatuombi waanzishe maabara mpya. Marekani tangu mwaka 2003 kuna kiwango cha kupimia nguvu za redio na amplifaya za magari, volti 14.4, omu 4, mkwaruzo usizidi asilimia 1, na mtengenezaji anayekifuata huandika hivyo kwenye boksi. Nasi tuseme tu kwamba boksi la redio au spika linaloingia nchini liandikwe mbele, kwa herufi kubwa sawa na zile za dhahabu, wati za kudumu, omu na desibeli kwa wati 1. Zile 400 zao waziweke wanapotaka, hata kwenye kifuniko. Wati za kudumu tayari wanazo, wamezichapa, wamezificha ndani ya boksi kwenye karatasi ya kufungia samaki.

Kwa mawinga na wauzaji sina ugomvi mkubwa, wanauza wanachopewa. Nawaomba waulize swali moja tu kabla hawajapanda ngazi: gari lako lina redio gani? Mtu akisema ya kiwandani, asipelekwe kwenye boksi la radi.

Boksi lenyewe ninalo bado, nimeotesha miche ya mchicha humo. Mwandishi wenu wa hapa Tanga akitaka kulipiga picha aje asubuhi na mapema, ila isiwe Jumanne, Alhamisi wala Jumamosi. Siku hizo niko njiani.

Fundi simu mstaafu,
Ngamiani, Tanga.